MSICHANA ANAYETAKA KUUMWA: Kicheko na Ushahidi katika Nightlight

Utangulizi

Mwalimu mwenzangu, na wewe mtahiniwa mpendwa, waliosema zimwi likujualo halikuli likakwisha hawakukutana na Belle Goose. Huyu ni msichana wa shule ya upili katika mji wa kubuni wa Switchblade, jimbo la Oregon, Marekani. Hamu yake kuu si kupita mtihani. Anataka kijana mmoja darasani awe vampaya, yaani mfu asiyekufa anayeishi kwa kunyonya damu, kisha kijana huyo amuume shingoni na kumfanya bi harusi wake wa milele. Tatizo ni moja tu: kijana mwenyewe hana habari.

Riwaya ninayoizungumzia ni Nightlight, iliyochapishwa mwaka 2009. Haimo katika orodha ya vitabu teule, na sidhani kama itawahi kuwemo. Nimeamua kuihakiki kwa sababu ya tukio dogo lililonipata darasani. Nilikuwa nikifundisha ngano za mazimwi katika Kidato cha Tatu nilipomwona msichana mmoja ameinamisha kichwa muda mrefu kupita kiasi. Chini ya dawati alikuwa na Twilight ya Stephenie Meyer. Nilimnyang'anya, nikamkemea, nikaenda nacho nyumbani. Usiku nilikifungua ili nijue ni upuuzi gani ulionishinda mimi kwa mvuto. Kufikia alfajiri nilikuwa nimetambua jambo la kunitia haya: msichana yule nami tulikuwa tukisoma hadithi moja, yeye chini ya dawati, mimi ubaoni.

Baadaye nilisoma Nightlight, ambayo inaidhihaki Twilight, na hapo ndipo nilipopata somo ambalo nimekuwa nikilitafuta kwa miaka: namna ya kumweleza mtahiniwa tofauti kati ya kusoma matini na kuibambikia matini mambo ambayo haikuyasema.

Kitabu kinachoigwa

Huwezi kucheka uigaji usipokijua kinachoigwa. Tuanze basi na Twilight, iliyotoka mwaka 2005.

Bella Swan, msichana wa miaka kumi na saba, anahama kutoka Phoenix yenye jua na kwenda kuishi na babake, mkuu wa polisi wa mji mdogo wa Forks katika jimbo la Washington, ambako mvua haikatiki. Katika somo la biolojia anaketi karibu na Edward Cullen, kijana mzuri ajabu asiyezeeka. Edward alizaliwa Chicago mwaka 1901, akakaribia kufa kwa janga la mafua la mwaka 1918, kisha daktari aitwaye Carlisle Cullen akamgeuza kuwa vampaya. Familia hii hunywa damu ya wanyama badala ya damu ya watu. Juani hawaungui kama mavampaya wa jadi. Ngozi zao humetameta kama almasi.

Mwandishi anaijenga taharuki kwa ishara. Edward na nduguze hununua chakula wasikile. Ngozi yake ni baridi. Macho yake hubadilika rangi. Gari linapoteleza kwenye barafu na kumwelekea Bella, Edward analizuia kwa mkono. Kisha Bella anamsikia Jacob Black, kijana wa jamii ya Waquileute, akisimulia visaasili vya watu wake ufuoni La Push. Bella anaziunganisha ishara hizi, anafikia hitimisho kwamba Edward ni vampaya, na hitimisho hilo ni sahihi. Anabaki naye hata hivyo.

Riwaya hiyo ilifuatwa na nyingine tatu kufikia mwaka 2008, na mwaka huohuo filamu ya kwanza ikatoka. Wakati huo hapakuwa na shule ambayo wasichana wake hawakuwa wamesikia jina la Edward.

Nightlight kwa muhtasari

Waandishi wa Nightlight ni jopo la The Harvard Lampoon, jarida la ucheshi la wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Harvard lililoanzishwa mwaka 1876. Hawakuwa wageni katika kazi hii. Mwaka 1969 walikuwa wametoa Bored of the Rings, mzaha wa kitabu kizima dhidi ya The Lord of the Rings.

Msuko wao unaandama ule wa Meyer hatua kwa hatua. Belle Goose anafika Switchblade akiwa na shauku ya kupata kisa cha kusisimua, au walau mwanafunzi mwenzake aliye mfu. Anamwona Edwart Mullen, kijana aliyezama katika kompyuta na asiyevutiwa na wasichana hata kidogo. Siku moja Edwart anaacha vipande vyake vya viazi vya kukaanga bila kuviguza. Siku nyingine anamwokoa Belle asipigwe na donge la theluji. Belle anapata ufunuo: Edwart ni vampaya!

Sivyo. Edwart ni binadamu wa kawaida. Mavampaya wamo katika kitabu, na hata dansi yao ipo, lakini Edwart si mmoja wao.

Anwani na majazi

Tazama kwanza anwani. Twilight ni ule wakati wa utusitusi baina ya mchana na usiku, wakati ambao watu wetu pia huuhofia. Nightlight ni taa ndogo anayowashiwa mtoto aogopaye giza ili alale. Kwa kubadilisha sehemu moja ya neno, waandishi wamelihamisha giza kutoka msituni hadi kitandani pa mtoto. Anwani imeshatuambia kabla ya ukurasa wa kwanza kwamba hofu tutakayoisoma ni ya kitoto.

Majina nayo yamefanyiwa hivyohivyo. Swan, jina la ukoo la Bella, ni ndege mweupe wa majini mwenye shingo ndefu na madaha. Goose, jina la Belle, ni bata bukini, ndege wa kelele. Edward naye amebadilishwa herufi moja tu akawa Edwart, na sehemu ya mwisho ya jina hilo kwa Kiingereza ni chunjua. Yaani kijana mwenye uso wa malaika amepewa jina lenye kiuvimbe cha ngozi.

Wanafunzi wetu wanaijua mbinu ya majazi. Walioisoma Walenisi ya Katama Mkangi wanakumbuka furaha ya kugundua kwamba anwani ile ni "wale ni sisi" iliyofungwa pamoja. Hata hivyo, kuna tofauti ambayo mtahiniwa anapaswa kuibainisha. Mkangi anatumia jina ili kutufichulia jambo kuhusu sisi wenyewe. The Harvard Lampoon wanatumia jina ili kutukumbusha jina jingine. Majazi yao hayana nguvu pasipo kitabu cha kwanza. Hapa ndipo mwalimu anapoweza kufundisha mwingilianomatini bila kulifanya neno hilo kuwa mzigo: matini moja inasikika ndani ya nyingine, na asiyeisikia ile ya kwanza hacheki.

Msimulizi na ishara

Kitovu cha ucheshi wa riwaya hii ni usimulizi wa nafsi ya kwanza. Belle ndiye anayetueleza kila kitu. Hatuna mlango mwingine wa kuingilia. Naye ni msimulizi asiyeaminika, si kwa kuwa anasema uongo, bali kwa kuwa anaamini kila analolisema.

Linganisha jozi hizi mbili. Katika Twilight, gari zima linazuiwa kwa mkono mtupu. Katika Nightlight, ni donge la theluji. Katika Twilight, vijana watano wa familia moja hawali chochote siku nenda siku rudi. Katika Nightlight, ni viazi vya mlo mmoja. Umbo la tukio halikubadilika, na hisia za msichana hazikubadilika. Kilichopungua ni uzito wa ushahidi. Kicheko kinatoka katika pengo lililo kati ya ishara ndogo na hitimisho kubwa.

Hiki ndicho kinaya cha kidrama: msomaji anakijua asichokijua mhusika. Pamoja nacho kuna chuku. Meyer anausifu uzuri wa Edward mara nyingi mno, na waigaji wake wanazichukua sifa hizo na kuzipuliza kama puto mpaka zipasuke. Kuna na tashtiti pia, kwa maana kwamba maswali ambayo Belle angepaswa kujiuliza anayaruka yote. Je, Edwart ameshiba? Hapendi viazi? Anaona haya kula mbele ya watu? Mtu yeyote mwenye kaka wa umri huo angeuliza. Belle haulizi kwa sababu jibu alikuja nalo kutoka nyumbani. Alifika Switchblade akitafuta vampaya, na atafutaye kwa namna hiyo hupata hata pasipokuwepo.

Zimwi, mumiani na vampaya

Huenda mwalimu atauliza: haya ya mavampaya yanatuhusu nini? Yanatuhusu kwa njia mbili.

Kwanza, ngano. Katika jamii nyingi za Afrika Mashariki kuna ngano ya msichana mrembo anayewakataa wachumba wote wa kijijini, kisha siku ya ngoma anatokea mgeni mzuri asiyejulikana atokako. Msichana anamfuata. Katika masimulizi ya Wagikuyu, mgeni huyo ni irimu, naye ana kinywa cha pili kisogoni, kilichofichwa na nywele. Ishara zipo tangu mwanzo, mara nyingi mdogo mtu anaziona na kuonya, lakini bibi harusi hasikii.

Weka hadithi tatu pamoja sasa. Katika ngano, ishara ni za kweli na msichana haziangalii. Katika Twilight, ishara ni za kweli, msichana anazisoma sawasawa, lakini anabaki. Katika Nightlight, ishara ni tupu na msichana anazisoma visivyo. Ngano inaonya, Meyer anabembeleza, The Harvard Lampoon wanacheka. Zote tatu zinasimama juu ya swali moja: msichana huyu anajua kusoma kilicho mbele yake?

Pili, kuna mumiani. Enzi za ukoloni palienea uvumi katika Afrika Mashariki, tangu pwani hadi Nairobi na Kampala, kwamba kuna watu wanaowateka wenzao usiku na kuwatoa damu. Waliitwa mumiani, chinjachinja, na hata wazimamoto, kwa kuhusishwa na vikosi vya serikali vya kuzima moto. Mwanahistoria Luise White aliuchunguza uvumi huo katika kitabu chake Speaking with Vampires cha mwaka 2000, akauchukulia kuwa chemchemi ya historia: hata kama damu haikutolewa, uvumi unatueleza jinsi watu walivyoiona mamlaka iliyokuwa juu yao.

Ndiyo maana nimeliacha neno vampaya kama lilivyo. Mumiani si mfu aliyefufuka. Ni mtu aliye hai, mwenye mwajiri, na hakuna aliyewahi kutamani kuchumbiwa naye. Vampaya wa Ulaya alianza kuwa bwana mkubwa wa kutisha na kuvutia kwa pamoja katika hadithi ya John Polidori ya mwaka 1819, akakomaa katika Dracula ya Bram Stoker mwaka 1897, na katika Twilight akapewa sare ya kijana wa shule. Mwanafunzi anayetafsiri asiharakie kufananisha. Neno lina historia yake.

Udhaifu wa kazi hii

Mhakiki anayesifu tu ni mpiga debe. Nightlight inachekesha, ila kicheko chake kina kasoro ambayo hatupaswi kuifumbia macho, hasa tunaofundisha wasichana.

Katika Twilight lipo jambo linalostahili kuhojiwa kwa dhati. Edward huingia chumbani mwa Bella usiku na kumtazama akiwa amelala, kabla hajampa ruhusa na bila yeye kujua. Riwaya inalichukulia tendo hili kuwa dalili ya mapenzi. Msichana wetu wa Kidato cha Tatu akijifunza kwamba kufuatwafuatwa ni kupendwa, amejifunza jambo la hatari. Dhihaka ingeweza kuubana mkuki wake hapo. Badala yake, kwa kuwa Edwart ni kijana mwoga wa kompyuta, mzigo mkubwa wa kicheko unamwangukia Belle. Tunacheka tamaa ya msichana zaidi ya tunavyocheka mwenendo unaotukuzwa na kitabu kinachoigwa.

Jane Austen aliuweza mtego huu karne mbili zilizopita. Katika Northanger Abbey, iliyotolewa mwishoni mwa mwaka 1817, miezi michache baada ya kifo chake, Catherine Morland, msichana aliyeshiba riwaya za kutisha, anakaribishwa katika jumba kuukuu. Usiku wa dhoruba anagundua karatasi zilizofichika kabatini. Moyo unamwenda mbio, mshumaa unazimika, anakesha kwa hofu. Asubuhi anazisoma: ni hesabu za dobi! Baadaye anamshuku mwenye nyumba, Jenerali Tilney, kwamba alimuua mkewe, na hapo pia amekosea. Lakini Austen haishii hapo. Jenerali huyohuyo, anapotambua kwamba Catherine si tajiri kama alivyodhani, anamfukuza nyumbani mwake alfajiri bila msindikizaji. Msichana alikosea kosa lenyewe, hakukosea kwamba mtu yule ana ubaya. Kicheko cha Austen kinamfunza Catherine kusoma vyema zaidi. Kicheko cha Nightlight kinamwacha Belle pale kilipomkuta.

Kwa hivyo hukumu yangu ni hii: Nightlight ni kazi yenye ufundi wa kuiga, hafifu katika kuhoji. Inaona umbo la Twilight kwa jicho kali, na kiini chake kwa jicho la pembeni.

Funzo kwa mtahiniwa

Sasa, mtahiniwa mpendwa, turudi kwako. Nimesahihisha insha nyingi za fasihi, na ninakiri kwamba nimekutana na Belle Goose katika nyingi kati ya hizo. Mtahiniwa anaingia chumba cha mtihani akiwa na orodha ya sifa kutoka katika mwongozo: mwenye busara, mwoga, mwenye tamaa, mwenye mapenzi ya dhati. Anasoma swali, anatoa sifa, kisha anaanza kuwinda viazi visivyoliwa. Mhusika alilia katika onyesho la pili, basi ni mwoga. Alinyamaza alipoulizwa, basi ni mwenye busara. Alimpa mwenzake maji, basi ana mapenzi ya dhati. Hitimisho lilitangulia, ushahidi uliburutwa nyuma kama mbuzi wa mnadani.

Ninashauri hatua tatu. Kwanza, andika tukio lenyewe kwanza, kwa ukamilifu: nani alifanya nini, wapi, mbele ya nani. Pili, jiulize maelezo mengine yanayowezekana. Machozi yana sababu nyingi: hofu, hasira, majuto, hata furaha. Tatu, tafuta tukio jingine katika matini linalounga mkono maelezo moja na kuyakataa mengine. Bella Swan alikuwa na ishara nne au tano zilizoelekea upande mmoja kabla ya kusema neno vampaya. Belle Goose alikuwa na viazi na theluji. Mmoja alihakiki, mwingine alitamani.

Nawe, mwalimu mwenzangu, kabla hujakinyakua kitabu kilicho chini ya dawati, kitazame jalada, kisha umuulize mwenyewe swali moja: umejuaje? Umejuaje kwamba anampenda? Umejuaje kwamba ni mwema? Msichana akiweza kulijibu swali hilo kwa kuonyesha ukurasa, amekwisha kuanza uhakiki, na huenda siku moja swali hilohilo likamfaa mbele ya mgeni mzuri asiyejulikana atokako. Mimi nilimrudishia wangu kitabu chake wiki iliyofuata. Nilimwomba aniandikie insha akilinganisha Edward na zimwi. Aliandika kurasa sita. Hakuwahi kunipa zaidi ya mbili.

Maswali ya mjadala

1. "Ishara ni nusu ya hadithi; msomaji ni nusu ya pili." Jadili kauli hii kwa kurejelea ngano yoyote ya mazimwi unayoijua.
2. Fafanua tofauti kati ya kinaya, kejeli na chuku, ukitoa mfano mmoja wa kila mbinu kutoka katika kitabu teule.
3. Chagua aya moja ya kusikitisha katika riwaya uliyosoma. Iandike upya kwa kupunguza uzito wa tukio bila kubadilisha hisia za mhusika. Eleza kicheko kimetoka wapi.
4. Je, ni haki kwa kazi ya ucheshi kumcheka mdanganywa badala ya mdanganyi? Toa sababu.